Injini nyingine ndani ya gari la zamani: namna ya kutafuta hitilafu ya umeme

Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria gari la zamani halitupwi. Injini ikichoka, mwenye gari hutafuta nyingine ya mtumba, inafungwa, na gari linarudi kubeba dagaa kwenda soko la Mwaloni Kirumba, au abiria wa Magu na Kisesa kwenda mjini Mwanza. Kazi ya spana mara nyingi huisha salama. Usumbufu huanza kwenye nyaya: stata inagoma, chaji haipandi, fyuzi inaungua kila siku, au gari linazima kwenye pantoni ya Kisorya kwenda Rugezi na foleni yote nyuma inapiga honi.

Wengi hukimbilia kununua betri mpya, kisha stata, kisha alternata, na tatizo linabaki palepale. Katika makala haya tunaeleza kwa nini. Sehemu kubwa ya hitilafu hizi haimo ndani ya injini, bali pale injini inapokutana na gari: kwenye ethi, kwenye maungio ya nyaya, na kwenye vifaa visivyolingana. Kwa hiyo pima kwanza, nunua baadaye.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji vitu vichache: mita ya umeme, ile mafundi wanayoiita malti-mita, balbu ya breki iliyounganishwa nyaya mbili, msasa, tepu ya umeme na spana. Kama huna mita, balbu itakusaidia kwa kazi nyingi.

Kabla ya kukata au kuunga waya wowote, fungua kichwa cha hasi cha betri. Vua pete na saa ya chuma. Hakikisha hakuna petroli wala dizeli inayovuja, na usivute sigara karibu na betri. Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda stata kwa kawaida hauna fyuzi. Ukigusa bodi, unaweza kuwasha moto kwa muda mfupi sana.

Kwanza: volti 12 au 24?

Hili ni swali la kuuliza hata kabla ya kununua injini. Baadhi ya magari ya dizeli kutoka Japani, kama Toyota Dyna, Coaster na baadhi ya Land Cruiser, hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatanishwa. Gari lako likiwa la volti 12 na injini ikatoka kwenye gari la volti 24, stata itazunguka kwa uvivu au isizunguke kabisa, plagi za hita hazitapata moto wa kutosha, na solenoidi ya kufungua mafuta kwenye pampu inaweza isifunguke. Alternata ya volti 24 nayo itaua betri yako na kuunguza balbu.

Soma kibati au maandishi yaliyopo kwenye stata, alternata na solenoidi. Kifaa kisicholingana kibadilishwe kabla ya kuunga chochote.

Pili: ethi ndiyo mwanzo wa yote

Ethi ni njia ambayo umeme hurudia kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha injini na bodi. Injini hukalia raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo lazima kuwe na waya mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini, na mwingine kutoka injini hadi kwenye bodi. Wakati wa kubadilisha injini, waya huu ndio husahaulika zaidi, au hufungwa juu ya rangi na kutu.

Dalili zake ni hizi: stata inazunguka polepole ingawa betri ni nzima, taa zinafifia, mshale wa joto unacheza unapowasha taa kubwa, au kebo ya mafuta inapata moto unapopiga stata. Dalili hii ya mwisho ni ya hatari. Maana yake umeme wa stata umekosa njia na unapita kwenye kebo nyembamba.

Kupima ni rahisi. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse hasi ya betri, nyingine iguse chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata. Ikisoma chini ya nusu volti, ethi ni nzuri. Ikifika volti 1 au zaidi, ethi ni mbovu. Rudia kipimo hicho kwenye bodi.

Kama huna mita, chukua kebo ya kuchangia umeme, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini, kisha piga stata. Gari likiwaka vizuri, umeokoa fedha za stata. Piga msasa hadi chuma king'ae, funga waya mnene, na upake grisi kidogo kuzuia kutu.

Tatu: stata haizunguki

Pima betri kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Unapopiga stata isishuke chini ya volti 9.6 hivi.

Betri ikiwa nzima na ukasikia mlio wa "ta" bila stata kuzunguka, angalia maungio ya waya mnene na ethi. Kama husikii mlio wowote, weka balbu ya kupimia kati ya ule waya mwembamba wa stata na chuma cha injini, kisha mwenzako ageuze funguo. Balbu isipowaka, umeme haufiki: tafuta kwenye swichi ya funguo, rilei na soketi. Kwenye gari lenye giaboksi ya otomatiki kuna pia swichi inayozuia stata mpaka gia iwe P au N. Giaboksi ikibadilishwa pamoja na injini, swichi hiyo mara nyingi huachwa bila kuungwa.

Nne: stata inazunguka, injini haiwaki

Hapa angalia jina la injini. Kwa Toyota, herufi E mwishoni huonyesha kwamba mafuta yanasimamiwa kwa kompyuta. Injini za 2L, 3L na 5L zilizofungwa kwenye HiAce nyingi ni dizeli za pampu ya kawaida, na nyaya zake ni chache. Lakini 2L-TE na 1KZ-TE ni dizeli zinazohitaji kompyuta, na 1RZ-E ni petroli inayohitaji kompyuta.

Kwa dizeli ya kawaida, kagua solenoidi iliyo juu ya pampu. Washa funguo bila kupiga stata, chomoa waya wake na uurudishe. Usikie "ta". Usiposikia, pima kama umeme unafika.

Kuna kosa moja linalochanganya mafundi wengi. Waya wa solenoidi ukiungwa kwenye laini ya redio, umeme wake hukatika wakati stata inapozunguka. Utaona injini inataka kuwaka pale tu unapoachia funguo. Waya huo lazima uungwe kwenye laini inayobaki na umeme funguo ikiwa ON na pia wakati wa kupiga stata. Ukiungwa moja kwa moja kwenye betri, nalo ni kosa, maana injini haitazima ukitoa funguo. Ikitokea hivyo, chomoa waya wa solenoidi ili izime.

Kumbuka pia kwamba dizeli iliyofunguliwa mabomba huingiza hewa. Kama umeme uko sawa, pampu mafuta kwa mkono na utoe hewa kabla ya kulaumu nyaya.

Kwa injini yenye E, nunua injini pamoja na kompyuta yake, wairingi yake yote na sensa zake. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya gari na gari, hivyo kuunga kwa kufuata rangi peke yake ni kubahatisha. Kama taa ya injini kwenye dashibodi imeungwa, Toyota nyingi za miaka ya 1990 hutoa namba za hitilafu kwa kumeta: ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia na kuwasha funguo, taa humeta. Kumeta mara moja, kutulia kidogo, kisha mara mbili, ni namba 12. Kumeta mfululizo kwa mwendo uleule maana yake hakuna hitilafu iliyorekodiwa. Soma maandishi ya mfuniko kwa makini. Ukiunganisha tundu lisilo sahihi unaweza kuharibu kompyuta.

Tano: chaji haipandi

Injini ikiwaka, pima kwenye betri. Mfumo wa volti 12 usome kati ya 13.8 na 14.4 hivi, wa volti 24 usome kati ya 27.6 na 28.8. Ukiona namba ileile ya betri iliyotulia, alternata haichaji.

Usiing'oe bado. Washa funguo bila kuwasha injini: je, taa ya chaji inawaka? Kwenye mifumo mingi alternata huamshwa na umeme mdogo unaopitia kwenye taa hiyo. Balbu ikiwa imeungua au waya umekatika, alternata nzima inaweza kukaa kimya. Balbu ndogo ni nafuu kuliko alternata.

Gari la zamani likiwa na katauti ya nje, na alternata iliyokuja na injini ina katauti ndani yake, ile ya nje iondolewe kwenye mzunguko. Pia, alternata yenye nguvu kubwa kuliko ya zamani inahitaji waya mnene zaidi kwenda kwenye betri. Waya mwembamba utapata moto na kuyeyuka.

Kwa HiAce za dizeli za 2L na 3L, nyuma ya alternata kuna pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki. Ukiweka alternata isiyo na pampu hiyo, breki zitakuwa ngumu. Hilo si jambo la umeme tu, ni la maisha ya abiria.

Sita: mshale wa joto unaodanganya

Hili ndilo kosa linaloua injini ya pili. Sensa ya injini uliyonunua huenda hailingani na dashibodi ya gari lako. Mshale unakaa chini, dereva ana amani, kumbe maji yameisha kwenye rejeta.

Fungua sensa, iunge na waya wake, na uunganishe mwili wake na ethi. Iweke ndani ya maji yanayochemka huku funguo ikiwa ON. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96, joto ambalo linakaribiana na la injini iliyo kazini. Mshale ufike katikati au zaidi kidogo. Ukibaki chini, tumia sensa ya injini ya zamani kama uzi wake unaingia. Usizungushie uzi tepu nyingi nyeupe ya mabomba, kwa sababu sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia uzi huo.

Angalia vilevile sensa ya oili. Ya taa na ya mshale ni vifaa viwili tofauti, hazibadilishani.

Saba: fyuzi inaungua

Fyuzi ikiungua inakuonya. Usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake, kwa maana safari ijayo wairingi yenyewe ndiyo itakayoungua. Chukua balbu ya breki na uiunge mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa mwanga mkali. Chomoa soketi moja baada ya nyingine. Mwanga ukififia au kuzima, umeipata laini yenye shoti. Kagua kwanza pale nyaya zinapogusa bomba la moshi, zinapopita kwenye tundu la chuma bila raba, na zinapobanwa na giaboksi.

Maungio ya kusokota kwa mkono na kufunika kwa tepu hayadumu. Banwa teminali au lehemu, kisha funika. Kwa magari yanayobeba samaki, maji ya barafu na chumvi hudondokea nyaya za sakafuni na kuzila polepole. Zipandishe juu, na osha sakafu kwa maji safi baada ya kila safari.

Ukienda kwa fundi

Mweleze dalili na vipimo ulivyopata, na umwombe achore kwenye karatasi waya upi umeenda wapi. Weka mchoro huo kwenye gari. Fundi atakayefuata atakushukuru. Kama kijana wako anapenda kazi hii, chuo cha VETA Mwanza ni mahali pa kuulizia mafunzo ya ufundi.

Mwisho, kadi ya gari inaonyesha namba ya injini. Hifadhi risiti ya injini uliyonunua, na ufike ofisi ya TRA iliyo karibu kuulizia utaratibu wa kurekebisha kadi, usije ukakwama siku ya kuuza gari au ya kukaguliwa barabarani.

Ukisahau yote, kumbuka mpangilio huu: volti, ethi, betri, stata, solenoidi, chaji, mshale wa joto. Fuata hatua moja baada ya nyingine, na usiruke ethi.