MASIKIO YANAPIGA MLIO BAADA YA MZIKI MKUBWA? SOMA KABLA HUJANUNUA DAWA



Leo tuongee kuhusu kitu ambacho vijana wengi tunacho lakini hatukisemi: mlio masikioni. Umetoka disko au harusini, umejilaza, nyumba nzima kimya, lakini sikioni kuna "ngiiiii" isiyokata. Madaktari wanauita tinitasi.

Mimi mwenyewe ninao, sikio la kushoto. Nilipomaliza fomu foo nilikuwa nambebea spika dijei mmoja wa mtaani, na ukumbini nakaa palepale pembeni ya spika mpaka alfajiri. Mwanzoni mlio ulikuwa unakuja usiku, kesho yake unaondoka. Siku moja haukuondoka. Nikanunua dawa ya matone, ikaisha. Nikanunua nyingine, hakuna kitu. Naandika ili mwingine asipoteze hela na muda kama mimi.

MLIO UNATOKA WAPI?

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama gamba la konokono. Humo mna chembe hai takriban 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika na chembe zinapeleka habari kwenye ubongo. Kelele kubwa inazichosha chembe hizo au inaziua. Zikichoka tu, zinaweza kupata nafuu baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, ndiyo maana mlio unaondoka. Zikifa, ndo basi. Kuku anaota nyingine, binadamu haoti.

Sasa ubongo ukikosa habari kutoka sehemu iliyokufa, unaongeza nguvu ya kusikiliza. Ni kama redio ambayo stesheni haishiki halafu wewe unazidi kufungulia sauti: utasikia mkwaruzo tu. Mkwaruzo huo ndio mlio wako. Na ndiyo sababu matone yangu hayakusaidia, maana yaliishia kwenye ngoma ya sikio wakati tatizo liko mbali huko ndani.

DAWA IPO?

Nisiwadanganye. Mpaka leo hakuna kidonge wala matone yaliyothibitishwa kuondoa mlio ulioletwa na kelele. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unasema wagonjwa wa tinitasi wasishauriwe kutumia ginko, melatonini wala zinki. Kwa hiyo anayekuuzia "tiba ya uhakika ya siku 7" anataka hela yako tu.

Ila kukosa dawa ya kuuondoa sio kukosa msaada. Haya ndiyo yanayosaidia:

1. Kupimwa. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Wapo hospitali kubwa kama Muhimbili (Dar), KCMC (Moshi) na Kenyatta (Nairobi). Unaweza kukuta ni nta tu imeziba, ikitolewa umepona. Mtajie na dawa unazotumia, kwa sababu kwinini, aspirini nyingi na sindano za gentamaisini nazo huweza kuleta mlio.

2. Kifaa cha kusaidia kusikia, kama usikivu umepungua. Ubongo ukipata tena sauti za nje, wengi wanaona mlio unafifia.

3. Usilale kwenye ukimya mtupu. Washa feni au redio kwa sauti ya chini. Mlio unapata mwenzake, hausumbui sana.

4. Tiba ya maongezi na mtaalamu wa saikolojia. Haipunguzi sauti yenyewe, inakufundisha kutouogopa mlio. Hii ina ushahidi mzuri kuliko vidonge vyote nilivyotaja.

USISUBIRI KAMA:

- Sikio limeacha kusikia ghafla, ndani ya siku moja mpaka tatu. Wahi hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa za steroidi ambazo zinafaa zaidi zikitolewa mapema, hasa ndani ya wiki 2 za mwanzo.
- Mlio unadunda pamoja na mapigo ya moyo, uko sikio moja tu kama wangu, au unakuja na kizunguzungu.

KELELE KIASI GANI NI HATARI?

Kelele inapimwa kwa desibeli. Wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 mwisho saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu! Disko linafika 100 bila shida. Mimi nilikuwa nakaa usiku mzima, piga hesabu mwenyewe.

Kama hauna kipimo, angalia hivi: mtu yuko umbali wa mkono mmoja na inabidi umpigie kelele ndio akusikie? Hapo pameshazidi. Sogea mbali na spika, toka nje kila baada ya muda, vaa vizibo vya masikio vya sponji. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Hedifoni usipitishe asilimia 60 ya sauti. Na nyie wa mashine za kusaga na wa kuchomelea, hili linawahusu pia.

Msidhani ni sisi wa mtaani tu. will.i.am wa Black Eyed Peas alisema mwaka 2010 kwamba ana mlio usiokoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa.

Mimi sio daktari, nimeelezea niliyojifunza kwa gharama. Siku hizi nalala na feni, na mlio nimeuzoea. Ila mshkaji aliyechukua nafasi yangu bado anakaa pembeni ya spika ileile. Nikimwambia, anacheka. Nami nilicheka hivyohivyo.

Wadau, nani mwingine anao? Umefanyaje? Tupe maoni yako hapo chini.