Nusukaputi, Ganzi, Utulizaji: Jina la Usingizi wa Mtoto Chini ya Mionzi

Mtoto wa miaka mitatu mwenye uvimbe wa ubongo hapasuliwi anapoingizwa chumba cha mionzi. Hakuna kisu wala mshono, na mionzi yenyewe haiumi inapopita. Hata hivyo daktari wa usingizi yupo, na mama ameambiwa kuwa mwanawe atapewa "ganzi", au "nusukaputi", au "dawa ya kumtuliza", kutegemea nani alizungumza naye asubuhi hiyo. Maneno hayo hayasemi jambo moja, na tofauti yake inagusa pumzi ya mtoto.

Tiba ya mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida mara moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwenye medulloblastoma, uvimbe unaoota sehemu ya nyuma ya ubongo, mara nyingi hupitia vikao 30 hivi, yaani wiki sita. Kila kikao lazima alale palepale, katika mkao uleule, kwa usahihi wa milimita, kwa kuwa shabaha iko jirani na viungo visivyotakiwa kuguswa. Uso huvikwa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto na kufinyangwa juu yake, kisha barakoa ikabanwa kwenye kitanda cha mashine. Halafu kila mtu anatoka. Mionzi ikiwashwa, mama habaki, muuguzi habaki, daktari habaki. Mlango mzito unafungwa, na wote wanamtazama mtoto kwenye skrini kutoka upande wa pili wa ukuta wa zege.

Mtu mzima huvumilia hali hiyo. Mtoto wa miaka saba au minane mara nyingi naye anaweza, akiandaliwa vizuri. Wa miaka miwili hawezi, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo dawa anayopewa haikusudii kuondoa maumivu. Inakusudia kuondoa hofu na kumzuia asisogee. Tuanze hapo kuyapima maneno.

Neno la Kigiriki lililozaa "anestesia" lina maana ya kukosa hisia. Daktari na mshairi Oliver Wendell Holmes ndiye aliyempendekezea William Morton, mganga wa meno wa Boston, neno hilo mnamo Novemba 1846, mwezi mmoja baada ya Morton kumvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari. Tukifuata asili, "ganzi" ndiyo tafsiri ya karibu zaidi. Lakini Mswahili akisikia ganzi anafikiria fizi iliyodungwa sindano au mguu uliokaliwa, na mwenye mguu huo yuko macho. Kwa mtoto wa mionzi neno hili linapotosha mara mbili: halitaji usingizi, na linadokeza kwamba kuna maumivu yanayozuiwa. Mitaani tayari watu husema mgonjwa "anachomwa mionzi". Ukiweka ganzi juu ya kuchomwa, mzazi ana kila sababu ya kuamini kwamba mwanawe anaunguzwa humo ndani.

Nusukaputi lina historia yake. Nusu tunaijua, kaputi ni Kijerumani, kitu kilichoharibika au kilichokufa, na neno likatubakia tangu enzi za Wajerumani Tanganyika. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako watoto wa Tanzania hupata tiba ya mionzi, yenyewe ilianza kama hospitali ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Neno limo kamusini na limewahudumia vizuri waliopasuliwa. Mimi nalipenda. Lakini siwezi kulipendekeza kwa mama atakayelisikia kila siku kwa wiki sita, kila mara likimwambia kwamba mwanawe atakufa nusu.

Linabaki "kutuliza", neno zuri kuliko yote na, kwa maoni yangu, lenye hatari kuliko yote. Chama cha wataalamu wa usingizi wa Marekani hugawa hali hizi katika ngazi nne. Katika ya kwanza hofu imepungua, mtoto anaongea. Katika ya pili anasinzia lakini anaitika akiitwa au akiguswa. Katika ya tatu haitiki mpaka asumbuliwe tena na tena au afinywe, na huenda akahitaji kusaidiwa kupumua. Katika ya nne haamki hata akiumizwa, na mara nyingi pumzi yake inakuwa mikononi mwa daktari. Ngazi hizi hazina kuta kati yake. Dozi iliyomsinzisha mtoto mmoja humzamisha mwingine, ulimi ukarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Ndiyo maana anayetoa dawa hutakiwa awe na uwezo wa kumwokoa mtoto aliyeteleza ngazi moja zaidi ya ile iliyokusudiwa.

Kiswahili kina usingizi wa mang'amung'amu na kina usingizi wa pono, lakini wote wawili hukatizwa na kelele za kutosha. Ngazi ya nne inahitaji kitenzi kingine: mtoto haamshiki. Ningependa istilahi zetu zijengwe juu ya kitenzi hicho. Anayeamshika, hata kwa taabu, yuko katika utulizaji, nao uwe mwepesi, wa wastani au mzito. Asiyeamshika yuko katika usingizi wa dawa.

Istilahi hii nayo ina kasoro, na ketamini ndiyo inayoifichua. Dawa hiyo inafahamika sana katika hospitali zetu kwa sababu mtoto kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Lakini anaweza kubaki macho wazi, mboni zikichezacheza, huku hajui lolote. Ni vigumu kumwambia mzazi kwamba mtoto huyo amelala. Kwa mwenye retinoblastoma, saratani ya jicho, kucheza huko kwa mboni ni tatizo la tiba yenyewe. Propofoli hairuhusu utata huo: ni majimaji meupe kama maziwa, yakipita kwenye mshipa mtoto hulala ndani ya dakika moja hivi, na yakisimamishwa huamka baada ya muda mfupi. Wakati huo kamera moja inatazama kifua chake na nyingine inatazama mashine inayosoma oksijeni na mapigo ya moyo.

Neno huzaa tendo, na tendo lenyewe ni uji. Kabla ya usingizi wa dawa mtoto hukaa saa sita bila chakula, saa nne bila maziwa ya mama, saa mbili bila maji. Mama aliyeambiwa kwamba mwanawe "anatulizwa tu" haoni kwa nini amnyime kikombe cha uji alfajiri, siku ya 20 ya njaa hiyo. Anampa kwa huruma. Kisha tumbo lililojaa, kwa mtoto asiyeweza kukohoa, linaweza kumwaga vilivyomo mapafuni. Sitamlaumu mama. Alipewa neno la kubembeleza, akabembeleza.

Wazazi huuliza pia kama usingizi wa kila siku unadhuru ubongo, na swali ni la haki. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu dawa hizi zikitumika mara nyingi, au kwa zaidi ya saa tatu, kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Kuacha kutibu saratani ni hatari kubwa zaidi, na dozi za kila kikao ni za muda mfupi. Lakini tahadhari hiyo inatosha kutufanya tujitahidi kumzoesha kila mtoto anayeweza kuzoezwa: acheze na barakoa kabla ya kuivaa, aichore simba, amsikie baba akimsimulia hadithi kwenye kipaza sauti kutoka nje. Hapo ndipo kutuliza, bila dawa yoyote, linakaa mahali pake hasa.

Fomu ya ridhaa basi iandikwe hivi, na muuguzi aisome kwa sauti: "Mama Neema, mionzi haimuumizi mtoto. Tunampa usingizi wa dawa ili asisogee na asiogope akiwa peke yake. Katika usingizi huo hataamshika mpaka dawa iishe, na daktari wa usingizi ndiye atakayeichunga pumzi yake. Kwa sababu hiyo asile chochote tangu saa sita usiku. Akila, tuambie, hatutakugombeza. Tutasogeza saa ya kikao."