Bega kwa Bega: Sadaka Zilizosomesha Watoto wa Mbeya na Iringa

Jumapili baada ya baraka, washarika wengi wa Nyanda za Juu Kusini hatuondoki mara moja. Tunatoka nje, tunasimama uwanjani mwa kanisa, na mzee wa kanisa anaanza mnada. Mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai matano katika bakuli: vyote vimeletwa madhabahuni na mtu ambaye siku hiyo hakuwa na fedha mkononi. Mwenye fedha hununua, na mara nyingine hukirudisha alichonunua ili kinadiwe tena.

Tumelizoea jambo hili hata hatuoni kwamba ni sehemu ya historia ya elimu yetu. Tukisikia neno “mfadhili”, mawazo yetu hukimbilia ng'ambo. Katika insha hii tunataka kuwakumbuka wafadhili wa mbali na wa karibu pamoja, maana vyuo vyetu vya Kikristo vimesimama kwa mikono yao wote.

Tuanzie Rungwe. Mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian kutoka Ujerumani walifika chini ya mlima huo, wakiongozwa na Theodor Meyer. Mwaka huohuo wamisionari wa Berlin, chini ya Alexander Merensky, waliingia nchi ya Wanyakyusa, na kabla karne haijaisha kazi yao ilikuwa imefika Ubena na Uhehe. Tumezoea kusimulia ujasiri wao, nasi hatukosei. Lakini nyuma ya kila safari kulikuwa na watu ambao hawakusafiri. Kazi ya Wamoravian huku kwetu ilisaidiwa na urithi ulioachwa na mtu mmoja wa mji wa Breslau, aliyetaka mali yake iwafae watumwa wa Afrika Mashariki. Huko Uingereza, tangu mwaka 1817, kulikuwa na chama cha kusaidia misheni za Moravian ambacho wengi wa wanachama wake hawakuwa Wamoravian. Walitoa kwa ajili ya kanisa lisilo lao, ili Injili ifike kwa watu wasiowajua. Kwa sadaka za namna hiyo zilijengwa shule za kwanza. Na wanafunzi wa kwanza, mara walipojua kusoma, ndio waliotumwa vijijini kuwa waalimu.

Kisha vita ikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Nyanda za Juu Kusini, na wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Fedha kutoka Ujerumani zilikatika. Kwa hesabu za kibinadamu, shule na sharika zilipaswa kufa. Hazikufa. Wazee na waalimu wenyeji waliendelea kuwakusanya watu, kufundisha na kuomba. Baadaye ndugu wa Scotland waliokuwa Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walikuja kuzisimamia sharika za Moravian na za Berlin, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, yaliyopita yakajirudia. Safari hii, kwa upande wa Walutheri, waliojitwika mzigo wa misheni zilizobaki yatima walikuwa watu wa Kanisa la Augustana la Marekani, kanisa lililokuwa na washarika wengi katika jimbo la Minnesota. Tulishike jina hilo la Minnesota, maana tutalikuta tena Iringa.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba sadaka ya mbali ilikatika mara mbili katika muda usiofika miaka thelathini, na mara zote mbili kazi iliokolewa na vitu viwili: uaminifu wa watu wa hapa ambao hawakungoja mshahara, na ndugu wengine ambao hawakuuliza kwanza kama madhehebu au taifa ni lao.

Baada ya Uhuru, jaribu lilikuwa la namna nyingine. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilichukua shule nyingi za makanisa, ili mtoto wa kila dini na kila hali asome. Nia hiyo ilikuwa njema, na wengi wetu tulisoma katika shule hizo. Lakini kwa miaka mingi kanisa lilibaki zaidi na seminari na vyuo vya Biblia. Mlango ulifunguka tena hatua kwa hatua. Mwaka 1992 Serikali na makanisa, kupitia Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, walitiliana sahihi makubaliano juu ya huduma za elimu na afya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1994, chuo cha Kilutheri kilianza Iringa. Kikawa chuo kikuu kishiriki cha Tumaini, na tangu mwaka 2013 kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa. Mwaka 2005 Wakatoliki walianzisha chuo cha Ruaha katika mji huohuo. Na Mbeya, Kanisa la Moravian lilianzisha mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kwa jina la Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa kanisa hilo nchini mwetu.

Kuanzisha chuo ni jambo moja, na mwanafunzi kubaki darasani mpaka mahafali ni jambo lingine. Mzazi anayelima mahindi Kilolo au viazi Umalila hapati fedha kila mwezi. Huzipata mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, tena kwa bei anayopangiwa na mnunuzi. Ada haingoji mavuno. Kijana aliyefaulu vizuri anaweza kurudi nyumbani kwa kukosa kiasi ambacho mtu mwingine hukitumia kwa sherehe ya siku moja.

Hapo ndipo tunalikuta tena jina la Minnesota. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Walutheri wa Sinodi ya Saint Paul wameshikamana na Dayosisi ya Iringa katika ushirika wanaouita kwa Kiswahili chetu: Bega kwa Bega. Sharika za kule zimeunganishwa na sharika za huku. Wanaombeana, wanatembeleana, na sehemu kubwa ya ushirika wao imekuwa kuwalipia ada vijana ambao wazazi wao hawawezi. Tukitazama nyuma tunaona kwamba wajukuu wa wale waliobeba misheni yatima wakati wa vita ndio waliowabeba wanafunzi wa kizazi kingine.

Jina hilo lina fundisho. Mabega hayakutani kama mmoja amesimama na mwingine amepiga magoti. Na hapa hatuna budi kusema ukweli juu yetu wenyewe. Msaada wa mbali una hatari yake. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sharika zetu nyingine zimewahi kuacha kuchangia elimu kwa sababu zilisikia kuna wafadhili. Wazazi wengine wenye uwezo wamenyamaza ili jina la mtoto wao liingie katika orodha, na nafasi ya yatima ikapotea. Tena mfadhili hupenda kujenga jengo linaloonekana, kumbe chuo kinahitaji pia mishahara ya waalimu, vitabu na umeme, vitu ambavyo havibandikwi kibao cha jina.

Tangu mwaka 2005 tuna Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo imewafungulia wengi mlango. Lakini kwa miaka mingi mikopo hiyo ililenga hasa wanafunzi wa shahada. Kijana wa cheti au diploma, ambaye kesho atakuwa muuguzi au mwalimu wa kijiji chetu, alibaki akitazama kwa mzazi wake na kwa kanisa lake. Kwa hiyo kazi ya sadaka haijakwisha.

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya nane, anawasifu Wakristo wa Makedonia. Hakuwasifu kwa sababu walikuwa na vingi. Walikuwa maskini, nao waliomba wenyewe wapewe nafasi ya kutoa. Kwao kutoa kulikuwa heshima ambayo hawakutaka kunyimwa. Tukipokea tu miaka yote, tunajinyima heshima hiyo.

Basi tufanye nini? Tusiwaonee haya ndugu zetu wa mbali, wala tusiwachoshe. Tuwashukuru kwa kuwapa hesabu safi ya kila shilingi na kwa kuwaombea kama wanavyotuombea. Kila usharika uwajue kwa majina vijana wake walioko vyuoni, na uwe na mfuko wa elimu, hata ukianza na mnada wa Jumapili moja kila mwezi. Na sisi tuliosomeshwa kwa mkono wa mtu tusiyemjua, tumtafute kijana mmoja tunayemjua. Waliotutangulia mwaka 1916 hawakuwa na fedha ya Ulaya mkononi, lakini Jumatatu asubuhi walifungua shule.