Nyota ya Bahari: Lugha na Chuo Kikuu cha Kikristo Mtwara

Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilifungua mjini Mtwara Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza. Chuo mama nacho kilitokana na taasisi ya mafunzo iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960, ikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998. Kwa hesabu ya miaka, elimu ya juu ya Kikristo katika pwani ya Ruvuma ni changa. Kwa historia ya lugha, mizizi yake ni mirefu.

Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na hotuba hiyo ikazaa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye tangu 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi Masasi. Watu hao walikuwa wa makabila mbalimbali. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Lugha za wenyeji hazikupuuzwa: Chauncy Maples alitoa kijitabu juu ya Kimakua mwaka 1879. Hata hivyo, kadiri shule zilivyoongezeka, na Wabenediktini walipojenga Ndanda mwaka 1906, Kiswahili kilizidi kuwa lugha ya daftari na ya ibada, bega kwa bega na Kiyao, Kimakua na Kimakonde.

Hapo ndipo penye kitendawili. Wamisionari wa kwanza, wasomi wa vyuo vikuu vya Uingereza, walilazimika kujifunza Kiswahili ili wafundishe. Chuo kikuu kilipofika Mtwara, ikawa mwanafunzi ndiye alazimikaye kuiacha lugha hiyo mlangoni ili afundishwe kwa Kiingereza, isipokuwa katika somo la Kiswahili lenyewe. Jina la chuo ni la Kilatini, mihadhara ni ya Kiingereza, sala ni ya Kiswahili.

Mgawanyo huo si wa Mtwara peke yake. Ni wa vyuo vikuu vya Tanzania kwa jumla. Lakini Kusini, ambako Kiswahili kilikuwa nyenzo ya elimu kabla ya dola ya kikoloni, hoja kwamba lugha hii haijakomaa kubeba taaluma inakosa ushahidi wa historia. Kilichokosekana ni uamuzi, wala si msamiati.