Saruji Imepanda, Nani Alipe? Historia Fupi ya Mabishano ya Bei za Ujenzi



Miaka kumi ya kuweka hisa bila kukata tamaa siyo mchezo. Sasa tunazungumzia kujenga ofisi yetu wenyewe, na tumeona vema kijitabu hiki kibebe pia historia ya jambo linalokula akiba za watu: bei kupanda huku jengo limechelewa. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa, "Mama, saruji imepanda, ongeza hela"?

Jambo hili si geni hapa Tanzania. Mwishoni mwa 1985 dola ya Marekani ilikuwa kama shilingi 16. Mwishoni mwa 1986 ilishapita 50, na kufikia mwaka 1995 ilishapita 500. Mafuta ya magari na vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo jengo lililochelewa miaka miwili halikuwa tena na bei ile ya kwenye karatasi. Mkandarasi akibanwa na bei ya zamani, anaikimbia kazi. Mwenye jengo akikubali kila anachoambiwa, anafilisika. Ikabidi pawe na kipimo.

Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, limekuwa likitoa fahirisi za bei za ujenzi. Fahirisi ni namba inayoonyesha bei ya kitu imepanda au kushuka kiasi gani tangu siku fulani. Tuchukue mfano. Kazi ni ya shilingi milioni 10, na saruji ni asilimia 30 ya gharama. Saruji imepanda kwa asilimia 20, vingine havikubadilika. Je, tuongeze milioni 2? Hapana jamani! Kilichopanda ni ile sehemu ya saruji peke yake, yaani milioni 3. Asilimia 20 yake ni shilingi 600,000, basi. Hesabu hii ndogo imemaliza ugomvi mwingi.

Lakini ngoja, ugomvi mkubwa huja kazi inapochelewa. Hapo swali la kwanza siyo "bei imepanda kiasi gani?" bali "nani kachelewesha?" Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lilitoa mkataba wake wa mfano mwaka 1957, na katika toleo la 1999 likaliweka jambo hili wazi. Mwenye jengo akichelewa kukabidhi kiwanja au michoro, mkandarasi anaweza kudai siku za nyongeza, na bei huendelea kurekebishwa kufuata soko. Mkandarasi akizembea hadi tarehe ya kumaliza ikapita, hutumika fahirisi ya siku 49 kabla ya tarehe ile, au ya sasa, yoyote inayompa nafuu mwenye jengo. Maana yake ni kwamba mzembe hafaidiki na uzembe wake.

Toleo hilo hilo lilimtaka mkandarasi anayedai atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua tatizo. Wasipoelewana, baraza la kuamua migogoro lilipewa siku 84 kutoa uamuzi. Asiyeridhika alikuwa na nafasi ya kwenda kwa wasuluhishi. Mahakama haikuwa mlango wa kwanza.

Sasa basi, sisi na ofisi yetu ya vyumba vichache tunahusikaje? Tunahusika sana, maana fedha ile ni jasho la kila mmoja wetu. Kabla ya tofali la kwanza, tuandike bei ya saruji, nondo na mabati ya siku ya makubaliano. Tuandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tuwe na daftari la kila siku: nani alikuja, nini kilikosekana, fedha tulilipa lini. Siku zilizopotea kwa sababu yetu tuzikubali, za fundi azikubali yeye. Na tumchague mapema mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote, atakayeamua tukikwama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la hisa limetufikisha miaka kumi. Daftari la ujenzi litufikishe kwenye paa.

Hongereni, akina mama!