Mizani na Hisani

Mto Mirongo si mto mkubwa. Hushuka kutoka vilima vya mawe, ukapita katikati ya mji wa Mwanza baina ya maduka na karakana, na kumwaga ziwani kila kilichotupwa ndani yake. Ziwa hilo ndilo linaloupatia mji maji ya kunywa, na ndilo linalovilisha viwanda vya samaki. Mfanya biashara wa Mirongo atupaye uchafu mtoni hana budi kukutana nao tena, katika bomba la nyumba yake ama katika bei ya samaki wake. Ndani ya jambo hili dogo mna swali linalojadiliwa sana siku hizi katika mabaraza ya makampuni: je, kampuni ina wajibu gani kwa jamii inayoizunguka, na wajibu huo ukitimizwa, humpunguzia mwenye mali faida yake au humwongezea? Historia ya pamba katika lililokuwa Jimbo la Ziwa inalo jibu, nalo laanzia kwenye mizani.

Katika miaka ya 1940 pamba ya Usukuma na Ukerewe ilinunuliwa na wenye vinu vya kuchambulia, wengi wao Wahindi, pamoja na mawakala wao. Bei ya mkulima ilitangazwa na serikali. Kwa hiyo mnunuzi hakuweza kwa urahisi kumpunja mkulima katika bei, wala mkulima hakuweza kudai zaidi. Mwanya uliosalia ulikuwa katika uzito. Mtu aliyetembea maili nyingi na mzigo kichwani, asiyejua kusoma alama za mizani, alilipwa kwa ratli alizotajiwa, akarudi nyumbani na shaka yake. Manung'uniko yakajaa vijijini. Si haki kusema kwamba kila mnunuzi alikuwa mwizi. Walikuwako waliofanya biashara safi, na mitaji ya Wahindi ndiyo iliyosimamisha vinu vingi vya kwanza. Lakini mnunuzi mwaminifu naye aliumia, kwa kuwa mkulima hakuwa na njia ya kumpambanua na mwenziwe mdanganyifu. Udanganyifu wa wachache uliharibu soko la wote.

Yapata mwaka 1950 wakulima walianza kuipima pamba yao kwa mizani ya watu waliowaamini, kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Hawakugoma, wala hawakuchoma ghala la mtu. Walitaka kuujua uzito tu. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika. Aliyezunguka jimboni kuviunganisha alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza.

Bomani alikuwa amekwisha kuuona wema wa namna nyingine. Kabla ya kazi ya ushirika alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Mwadui ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali, mambo yaliyokuwa haba katika jimbo zima wakati ule. Wema huo haukuwa wa unafiki, wala haukuwa wa hasara: mchimbaji mwenye afya huchimba vema. Lakini ulikuwa wema wa ndani ya ua, na ulitegemea nia ya mtu mmoja. Mkulima wa pamba aliyepita nje ya ua ule hakuwa na la kudai.

Ushirika ulikuwa na njia yake. Mwaka 1955 vyama viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, na mwaka 1956 shirikisho likafungua kinu chake cha kwanza huko Kasamwa, Geita. Hata mwisho wa mwongo ule wanachama wake walikuwa wakiuza pamba ya jimbo zima kupitia vyama vyao. Mavuno yaliongezeka mara kadhaa kati ya mwanzo wa miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960. Ni kweli kwamba mbegu bora za kituo cha Ukiriguru, plau za ng'ombe na mashamba mapya vilichangia sana. Hata hivyo, mtu hapanui shamba la zao ambalo anaamini ataibiwa uzito wake. Fedha ya pamba nayo haikulala vijijini. Ilirudi mjini kununua baiskeli, vitambaa na mabati, aghalabu katika maduka ya jamaa wa wale wale waliolalamikiwa zamani. Hata timu ya mpira ya Mwanza ikaitwa Pamba.

Lakini mizani ikiwa mkononi mwa mwenyeji haiwi safi kwa sababu hiyo peke yake. Vyama vilikua upesi kuliko idadi ya watu wenye kujua hesabu. Mwaka 1966 kamati ya serikali iliyochunguza ushirika nchini ilikuta uongozi dhaifu na matumizi mabaya ya fedha. Mwaka 1968 shirikisho lilifanywa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya nchi vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa tena katikati ya miaka ya 1990, walishindana kwa haraka hata wakapokea kila kilicholetwa. Safari hii baadhi ya wakulima ndio waliotia maji na mchanga katika pamba ili mizani iongope kwa faida yao. Sifa ya pamba ya Tanzania ikashuka katika masoko ya nje, na hasara ikagawanywa kwa wote, mwenye hila na asiye na hila.

Ziwa nalo lilitoa somo kama hilo, tena kwa ukali zaidi. Sangara, samaki mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta viwanda vya minofu Mwanza katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 zilipotokea habari za samaki waliovuliwa kwa sumu, Ulaya ilifunga soko lake kwa nchi zote tatu za ziwa. Wavuvi, wachukuzi, wenye viwanda na wanawake wauzao vyakula mialoni wakakosa kazi pamoja. Soko lilipofunguliwa tena, upimaji wa samaki na usafi wa mialo ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya gharama ya biashara. Hakuna aliyeuita hisani.

Tofauti hiyo haina budi kukumbukwa panapozungumzwa sheria ya madini ya Tanzania. Marekebisho ya mwaka 2017 yanamlazimu mwenye leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na kukubaliana na halmashauri ya mahali kulingana na mahitaji ya wananchi. Ni hatua kubwa kupita ua wa Mwadui, kwa kuwa yaliyokuwa hiari ya tajiri sasa yamekuwa deni. Lakini darasa lililojengwa na mgodi halijibu swali la maji yatokayo mgodini, wala la thamani ya madini yaliyosafirishwa. Geita, ambako leo mgodi mkubwa wa dhahabu huandaa mipango hiyo pamoja na halmashauri, ndiko iliko Kasamwa. Mkulima aliyepeleka pamba yake ushirikani mwaka 1956 aliweza kumwuliza mpimaji, ana kwa ana, mshale umesimama wapi. Mpango wa mgodi husomwa katika kikao cha madiwani, na wengi wa wale ulioandikwa kwa ajili yao huusikia kwa kuhadithiwa.