Jina Lililokatwa Mstari: Marekebisho katika Faharasa za Vizazi na Nasaba za Mlola

Mtafiti anayefuatilia nasaba ya ukoo wa Mlola, kata iliyo kaskazini-mashariki mwa mji wa Lushoto katika Usambara Magharibi, hugundua mapema kwamba faharasa ya vizazi, yaani orodha ya majina inayomwelekeza msomaji kwenye ingizo kamili ndani ya daftari la usajili, ina umri mdogo kuliko wengi wa watu inaowataja. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1920 na kuanza kutumika 1921, lakini ulazima wake uliwahusu kwanza Wazungu, kisha Waasia, ilhali Waafrika waliingizwa wilaya baada ya wilaya kuanzia miaka ya 1960, hadi ulazima huo ulipoenea Tanzania Bara yote mwishoni mwa miaka ya 1970. Mzee aliyezaliwa Mlola mwaka 1935, kama jina lake limo, kwa kawaida aliandikishwa akiwa mtu mzima, kwa haja fulani iliyomfikisha ofisini. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya ingizo lililorekebishwa ni lini kalamu ililigusa na kwa haja ipi. Swali la lipi kati ya maandishi mawili ni sahihi linaweza kusubiri.

Desturi ya usajili iliyorithiwa kutoka Uingereza hutenganisha kosa la mwandishi, kama herufi iliyoruka, na kosa la jambo lenyewe, kama jina la mzazi au mwaka. La pili husahihishwa kwa kiapo na maelezo ya pembeni, huku maandishi ya awali yakiachwa yasomeke. Katika faharasa za England na Wales, zilizoanza Julai 1837 na kupangwa kwa robo mwaka, maelezo ya mkono kama “S/47” humwelekeza msomaji kwenye robo iliyoishia Septemba 1947, mtoto alipoandikishwa upya, mara nyingi baada ya wazazi wake kufunga ndoa, jambo lililoruhusiwa na sheria ya mwaka 1926. Huko mkono uliofanya marekebisho una tarehe, na tarehe hiyo ni habari kamili. Kwa Lushoto tarehe ya namna hiyo hutafutwa kwenye safu ya siku ya kuandikishwa, ambayo watafiti wengi huiruka kwa haraka ya kuifikia siku ya kuzaliwa.

Marekebisho yaliyo mengi zaidi ni ya tahajia, na hapa historia ya milima yenyewe huonekana. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 waliandika kwa mazoea ya Kijerumani, Vuga ikawa “Wuga” na sauti ya “sh” ikaandikwa “sch”, hivi kwamba jina la ukoo lenye kiambishi cha “She”, kilichoenea sana miongoni mwa Washambaa, lingeweza kuingia kitabu cha ubatizo kwa herufi ambazo karani wa Kiingereza asingezitambua. Cheti cha ubatizo kilipoletwa baadaye kuwa ushahidi wa usajili uliochelewa, tahajia hiyo ilikuja nacho. Kwa familia za Kiislamu mvutano ulikuwa mwingine: mwalimu wa shule aliandika Rashidi na Athumani, pasipoti ikataka Rashid na Othman, na Ali akawa Ally bila mtu kuuliza.

Mfano wa kubuni utafafanua jambo lililo zito zaidi. Ingizo linasomeka “Rashidi Athumani Singano”, jina Singano limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake pameandikwa “Shekilindi”. Anayechukua maandishi ya pili kuwa ndiyo kweli anapata ukoo na kumpoteza babu, kwa sababu mtindo wa majina matatu, la mtu, la baba na la babu, uliliweka jina la babu mahali ambapo fomu za baadaye zilitaka jina la ukoo. Hapo jina lililokatwa ndilo lenye thamani kwa mwananasaba, kwa kuwa ndilo linalomsogeza kizazi kimoja nyuma.

Miaka nayo husahihishwa, na ni busara kuitilia shaka ile iliyo nadhifu mno, kama tarehe 1 Januari au 1 Julai. Wazazi wasiokuwa na kalenda ukutani walipima kwa matukio, na katika sehemu hizi anayesemwa kuzaliwa wakati wa matuta huwekwa ndani ya kipindi cha mpango wa kikoloni wa kuzuia mmomonyoko, ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 na kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa upinzani wa wakulima. Kipindi hicho ni kipana kuliko tarehe yoyote iliyoandikwa, na ni cha kuaminika zaidi.

Safu ya baba huhitaji uangalifu wa namna yake. Mfano wa nchi jirani huonyesha kwa nini: nchini Kenya sheria ilizuia jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa lisiandikwe bila ombi la pamoja la wazazi, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba mwaka 2016. Kwa hiyo nafasi tupu katika daftari la zamani haithibitishi kwamba baba hakujulikana. Jina la baba lililoongezwa kwa wino mwingine laweza kumaanisha ndoa iliyofungwa baadaye, mlezi aliyepokea mtoto, au mjomba aliyelipa ada.

Kuamua kati ya hayo huhitaji kupita faharasa na daftari, kwenda kwenye viambatisho vilivyowasilishwa kwa msajili wa wilaya, ambaye kwa Lushoto hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulioanzishwa mwaka 2006. Usajili wa mtu aliyevuka miaka 10 hudai uthibitisho wa ziada, kama cheti cha shule, cheti cha ubatizo au kiapo cha mtu anayeijua familia. Aliyeapa mara nyingi ni ndugu mwenye umri mkubwa, na uhusiano wake na mwombaji, unaoelezwa ndani ya kiapo hicho, huwa tawi la nasaba ambalo faharasa haina safu ya kuliandika.